Kidumu cha Asali cha Mzee Abbasi

Sehemu ya tatu

Mlioniacha wiki jana pale stendi ya Kibondo, ukoo mzima umenizunguka kama bwana harusi, mnakumbuka nilipanda basi kifua mbele. Kwa aliyechelewa, habari ni hii. Mpwa wangu Fidele, mtoto wa dada yangu Asnath wa Kumsenga, alikamatwa Dar es Salaam kwa kudhaniwa Mrundi. Aliokamatwa nao walikuwa wapakiwe kwenye basi siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, wapelekwe mpakani. Ndugu akifika kabla ya saa hiyo na barua ya kijiji, akamtambua, Fidele anarudi nyumbani. Asipofika, Fidele anakwenda kutupwa katika nchi ambayo hana hata shangazi.

Kikao cha ukoo hakikuchukua dakika tano. Nani aende? Fundi Anatoli. Nani mwingine anaijua Dar? Si Fundi Anatoli aliishi kule miaka mitatu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana wiki mbili nimewazungusha na leo nimechoka. Mimi Anatoli, fundi cherehani wa Kibondo, mtu wa miaka hamsini kasoro mmoja, sikuwahi kukanyaga Dar es Salaam. Hata siku moja.

Nilipoondoka nyumbani nikiwa kijana niliaga kwamba naenda Dar, na nia yangu ilikuwa Dar kweli. Nauli ikaishia Urambo. Nikaingia kwenye mashamba ya tumbaku ya watu, nikachuma majani misimu mitatu, nalala ubavuni mwa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, mikono imeganda utomvu mweusi usiotoka hata kwa mafuta ya taa. Jirani mmoja wa kule ndiye aliyenifundisha kushona. Nikarudi nyumbani na cherehani kichwani na suruali moja ya maana.

Mtu wa kwanza kukutana naye njiani akaniuliza, Dar wanasemaje? Nikaona aibu kutaja tumbaku. Nikamjibu, "Dar ni joto." Ni hilo tu, maneno matatu. Mengine yote yalizaliwa humo.

Miaka ishirini na mitano nimekaa barazani kwangu pale Kibondo nikikanyaga cherehani na kuhadithia Dar. Nilisikiliza madereva, nilisikiliza redio, nikashona. Nikawapa watu stendi ya Ubungo. Nikawapa Magomeni. Nikawapa na Mzee Abbasi, fundi mkuu, aliyeniokota nikiwa sina mbele wala nyuma, akanifanya mwanawe, akanifundisha kukata suti, akalia machozi siku naondoka. Jina la Abbasi nililiazima kwa muuza nyuzi mmoja wa Kasulu. Watoto wa dada zangu walikua wakimsikia. Nadhani walimjua Mzee Abbasi kuliko walivyomjua babu yao.

Basi siku ile pale stendi, dada Asnath akanipa bahasha yenye barua ya mtendaji wa kijiji na kadi ya ubatizo ya Fidele. Halafu akanipa kidumu cha lita tatu, asali ya mizinga yake mwenyewe, kimezibwa kwa nailoni na kufungwa kamba. Juu amebandika karatasi, kaandika kwa mkono wake: *Mzee Abbasi, Magomeni. Asante kwa kumlea kaka yangu.*

Akaniambia, kaka, usirudi nacho. Nikakipakata. Ningefanyaje?

Kwenye basi nilikaa na Shadia, muuza vitenge wa Kasulu, ambaye kila baada ya miezi miwili yuko Kariakoo. Akaniuliza safari ya nini, nikamweleza ya Fidele. Mama wa watu akasikitika sana. Akasema ofisi wanakoshikiliwa watu wa namna hiyo anaijua, iko upande wa bandarini, na kwamba tukishuka atanipeleka mpaka mlangoni ndipo aende kwenye shughuli zake.

Nikacheka. Nikamwambia Dar mimi naijua kabla yeye hajaanza shule. Akanitazama kidogo, hakubisha. Aliandika namba yake ya simu nyuma ya tiketi yangu, akasema niiweke tu.

Tuliingia Jumatano alasiri. Basi likasimama, watu wote wakainuka, mimi nikabaki nimekaa. Konda akaja, akaniambia mzee, mwisho wa gari. Nikamwambia kwa sauti ya mwenyeji kwamba mimi nashuka Ubungo.

Gari zima likacheka. Konda akasema stendi ya Ubungo ilihama siku nyingi, hapa ni Mbezi, mzee ulilala wapi? Shadia alikuwa mlangoni na mizigo yake. Akageuka. Nikajikaza nikasema nilikuwa natania.

Nikamwacha aende. Hilo ndilo kosa la kwanza, na ninaliandika hapa ili mjue kwamba nilijiponza mwenyewe, sikuponzwa na mtu.

Wapiga debe walinivaa kabla mguu haujagusa chini. Mmoja kashika begi, mwingine kashika kidumu, kila mmoja ananivuta kwake na kunisemesha kama ananidai. Nikang'ang'ania kidumu mpaka kamba ikanikata kiganja. Bodaboda akaniuliza naenda wapi. Katika jiji zima kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo mdomo wangu ulipazoea. Nikasema Ubungo.

Akanishusha Ubungo. Ile stendi niliyoieleza miaka ishirini na mitano, lango lake, vibanda vyake, mti wake ambao niliupanda mwenyewe kwa maneno, haikuwepo. Kulikuwa na barabara juu ya barabara. Nilitukanwa na watu wanne kabla sijavuka: dereva wa lori, mwenye mkokoteni, mama niliyemkanyagia turubai la nyanya, na mtu mmoja ambaye sikumkosea lolote.

Jua likawa linazama. Nikatafuta gesti. Kijana wa mapokezi akachukua kitambulisho changu, akasoma, akanyanyua uso. Akasema, Kibondo, huko si kwa Warundi? Nikamweleza kwamba Kibondo ni Tanzania tangu babu yake hajazaliwa. Akanirudishia kitambulisho, akasema vyumba vimejaa. Nyuma yake funguo zilikuwa zimening'inia kwenye misumari, zote, hakuna msumari mtupu.

Ya pili nayo ikajaa hivyohivyo. Ya tatu walinipokea kwa sharti kwamba kitambulisho changu kilale kwao mpaka asubuhi.

Alhamisi nilikuwa na siku nzima, na siku nzima inamtosha mtu mwenye akili kufika popote. Tatizo langu lilikuwa kuuliza. Mtu aliyeishi mahali miaka mitatu haulizi njia. Hakuna aliyenijua katika jiji lile, hakuna ambaye angenicheka nyumbani, na bado sikuweza. Nikawa nauliza kwa kuzunguka. Nasema, siku hizi kwenda bandarini wanapita wapi, maana sisi zamani tulikuwa tunapita huku. Mmoja alinyoosha mkono kushoto, mwingine kulia, wa tatu akaniuliza kama niko sawa.

Kwenye kijiwe kimoja cha kahawa nikakaa kupumzisha miguu. Jamaa mmoja mnene, ameshika kikombe, akanisikia ninavyozungumza. Akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia. Akawageukia wenzake akasema hawa ndio wanaotujazia mji. Akataka nimwoneshe karatasi zangu, kana kwamba serikali imemwajiri yeye. Mwenzake akasema aitwe mjumbe.

Nikaogopa. Nikatoa barua ya mtendaji nikampa. Akaisoma kwa sauti, kila jina la kwetu analiimba, watu wanacheka. Akasema muhuri huu mmechonga kwenye kiazi. Halafu akailaza mezani, akaweka kikombe chake cha kahawa juu yake, akaendelea na mazungumzo yake mengine kama mimi nimeshaondoka.

Niliichomoa polepole. Kikombe kilikuwa kimeacha duara jeusi katikati ya muhuri, na wino wa zambarau umetawanyika. Nikamuuliza ofisi ile iko wapi, yeye akanijibu vizuri sana, kwa upole kabisa, kwamba iko Mbagala.

Nikaenda Mbagala. Haiko Mbagala.

Saa kumi jioni nilikuwa nimekaa juu ya begi langu mahali ambapo mpaka leo sipajui jina. Ofisi zote zilikuwa zinafungwa. Nikatoa tiketi, nikapiga namba ya Shadia. Akapokea, akaniuliza, fundi, uko wapi?

"Sijui," nikamwambia.

Ndiyo mara ya kwanza nilitamka neno hilo kuhusu Dar, na lilitoka na machozi. Akaniambia nimpe simu mwanamke yeyote anayeuza kitu karibu yangu. Nikampa muuza karanga. Wakazungumza. Kisha Shadia akanieleza mwenyewe, polepole, nipande gari lipi, nishuke wapi, nitembee mpaka nione ukuta mrefu wenye geti la buluu.

Kabla hajakata akaniita tena. Akasema, "Fundi, wewe hujawahi kufika Dar."

Akasema hatamwambia mtu. Akasema nilale karibu na geti lile, saa mbili asubuhi niwe wa kwanza, na nikiulizwa chochote niseme ukweli tu, maana watu wa ofisi ile kazi yao ni kunusa uongo. Nikamshukuru sana. Nikamwahidi.

Ijumaa saa mbili nilikuwa getini. Ofisi yenyewe siitaji, mhariri kanikataza na mimi mwenyewe naogopa. Mlinzi akapekua begi, akafika kwenye kidumu. Hii nini? Asali. Ya nani? Akasoma karatasi ya Asnath kwa sauti. Akaniuliza huyo Mzee Abbasi ni nani yangu. Nikasema ni mtu tu. Akaandika kwenye daftari lake, akaniruhusu niingie nacho.

Uani kulikuwa na basi jeupe, dereva anafuta kioo. Kando ya ukuta watu wamekaa chini kwa mstari, wanaume kwa wanawake, wengine na watoto mgongoni. Nikawapitia kwa macho harakaharaka. Fidele sikumwona.

Nikaingizwa kwa afande mmoja aitwaye Lusajo, mtu mrefu, mtaratibu, Mnyakyusa wa Mbeya. Nilipotaja Kumsenga akaweka kalamu chini. Kumbe alifanya kazi Kasulu miaka minne. Nyakitonto amepita kwa pikipiki wakati wa masika, Kibondo amelala, Kakonko amelala. Akanisalimia kwa Kiha, lugha yetu, ingawa cha kuvunjikavunjika. Nilimshukuru Mungu palepale kwenye kiti.

Akaniona nimelegea. Akasema, "Mzee, kuijua kwangu Kasulu hakukusaidii. Kunakuzuia tu kunidanganya."

Akanieleza utaratibu. Fidele ameshaandikisha maelezo yake. Mimi nitaandikisha yangu bila kuyaona ya Fidele. Maneno yakikutana, tunatoka wote kwa geti lile lile nililoingilia. Yasipokutana, kijana anapanda basi. Ukutani saa ilikuwa saa tatu kasoro kumi.

Akauliza ukoo, nikajibu. Jina la mama yake Fidele, jina la bibi yake, kijito wanachoteka maji, mwalimu mkuu aliyemsomesha. Nikajibu yote bila kukwama, naye anaandika, anaitikia kwa kichwa. Nikawa namuona Fidele ameshakaa nami kwenye basi la kurudi.

Kisha akauliza, bila hata kuinua macho, kama mimi mwenyewe niliwahi kuishi Dar.

Haki ya nani, mdomo ulifunguka wenyewe. Sikuutuma. Nikasikia sauti yangu ya barazani inasema miaka mitatu, Magomeni, kwa Mzee Abbasi fundi. Na ikiwa imeanza haikujua kusimama. Ikamweleza suti. Ikamweleza mzee alivyolia siku ya kuagana. Lusajo akaandika kila kitu, akageuza karatasi, nikatia saini.

Ndipo akafungua faili la Fidele, akasoma.

"Nilikuja Dar es Salaam kwa Mzee Abbasi, fundi cherehani wa Magomeni, aliyemlea mjomba wangu Anatoli. Sina mwenyeji mwingine."

Akanitazama, akasema maneno yamekutana.

Ningefurahi. Badala yake nikaanza kuunganisha mambo. Sisi nyumbani tuliambiwa Fidele alikamatwa kwenye kibarua cha ujenzi. Siku aliyoondoka mimi nilikuwa mnadani Kakonko, hakuniaga, hakuniuliza njia, na mimi moyoni nilishukuru kwamba hakuniuliza. Sikuwaza kwamba hakuwa na haja ya kuuliza. Njia aliijua tangu ana miaka mitano.

Lusajo akaendelea kusoma. Fidele alimtafuta Mzee Abbasi siku tisa. Alikwenda fundi kwa fundi, cherehani kwa cherehani, anauliza jina hilo hilo, analala kwenye vibaraza vya maduka. Wengine walimcheka, wengine walimfukuza. Siku ya tisa mafundi wakachoka naye, wakaenda kwa mjumbe kusema kuna mgeni hana kwao, anajifanya kutafuta mtu asiyekuwepo, na lafudhi yake si ya hapa. Ndivyo alivyokamatwa.

"Mara mbili tumempeleka Magomeni atuoneshe," Lusajo akasema. "Hakuna anayemjua huyo mzee. Lakini wewe ulikula kwake miaka mitatu, na asali yake hiyo hapo miguuni pako. Gari liko nje. Nipeleke kwa Abbasi, na kijana anakwenda nyumbani leo."

Saa tatu na dakika kumi.

Nitawaambieni nilichowaza, maana nimeapa leo sifichi. Niliwaza kumuua Abbasi. Uongo ulinijia umeshashonwa na vifungo juu: mzee alifariki, nyumba iliuzwa, wanawe wametawanyika. Ulikuwa mzuri. Ningeweza hata kulia kidogo. Nikainama kuokota kidumu niseme, masikini, hata asali yake haikumkuta. Macho yakagota kwenye mwandiko wa Asnath. Dada yangu aliishia darasa la nne, herufi zake kubwa, ameandika kwa kukandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka kwenye neno asante.

Nikakaa tena.

"Afande," nikasema, "hakuna Mzee Abbasi. Sijawahi kuishi hapa. Jumatano ndiyo mara yangu ya kwanza. Miaka ile nilikuwa Urambo, kwenye tumbaku."

Nilitegemea anipigie kelele. Hakupiga. Alivuta ile karatasi niliyotia saini, akaigusa kwa kidole, akasema wino wenyewe haujakauka, mzee. Akachukua barua ya mtendaji, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaona duara la kahawa. Akaniuliza yeye sasa ashike nini. Muhuri hauonekani, aliyeuleta ameshamdanganya, na kadi ya ubatizo kila mtu anaweza kubeba ya mwenzake. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujibiwa.

Akaandika maelezo yangu ya pili, mafupi. Nikatia saini tena. Kisha akatazama saa.

Akasema kuna jambo moja ambalo kahawa haiwezi kulifuta. Kule Kasulu aliona mara nyingi jinsi Mha anavyomsalimia mkubwa wake. Haishii mdomoni. Mdogo anainama, anapiga makofi taratibu, na mkubwa anamwitikia kwa makofi yake, na mpwa kwa mjomba ndiyo zaidi. Mtu hafundishwi hilo kwa wiki moja, na hampigii mtu asiyemjua kwa moyo wote.

"Nitamwita," akasema. "Sitamwambia kitu. Nitatazama mikono yake."

Fidele akaingizwa. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa ndefu, amevaa shati la mistari nililomshonea mwenyewe Krismasi iliyopita, limebaki na vifungo viwili. Akaniona. Akasimama pale mlangoni kama hajaamini. Kisha akanijia, akainama, akainama sana, na viganja vyake vikaanza kugongana, taratibu, kama nyumbani.

"Mwakeye, mjomba."

Nikaitikia. Makofi yangu hayakukaa sawa, lakini nilipiga. Nililia, na wala sioni aibu kuliandika. Akasema alijua nitakuja, aliwaambia wenzake wote wa kule ndani kwamba mjomba wake anaijua Dar, atakuja tu.

Lusajo akaitikia kwa kichwa. Akafungua kikopo cha wino, akachukua muhuri wake. Saa tatu na nusu. Nikahesabu: muhuri, saini, geti, halafu nampigia Asnath.

Muhuri ukiwa mkononi, akasema kuna jambo moja la utaratibu, hawezi kuliruka. Maelezo ya pili yamepingana na ya kijana, kwa hiyo kijana lazima asomewe, ndipo athibitishe kwa kinywa chake kwamba huyu ni nani kwake. Neno moja tu, akasema.

Nikataka kumwomba asisome. Sikupata hata muda wa kunyanyua mkono. Akamsomea kwa sauti ile ile ya taratibu, kwamba mimi Anatoli sijawahi kuishi Dar es Salaam, kwamba Mzee Abbasi hayupo na hakuwahi kuwepo, kwamba miaka mitatu ile nilikuwa kibarua Urambo.

Fidele alikuwa bado ameinama nusu, viganja vimekutana. Vikabaki hivyo. Kisha akanyooka kidogokidogo.

Akatazama kidumu. Akasoma mwandiko wa mama yake. Akaniuliza kwa Kiha, kwa sauti ndogo, je hata hilo jina? Hata jina nililitunga?

Nikamwambia jina ni la muuza nyuzi wa Kasulu.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu. "Siku tisa, mjomba," akasema. Hakusema kwa hasira. Heri angesema kwa hasira.

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia habari ya aibu, ya bani, ya yule mtu wa kwanza njiani. Nikamwambia mama yake anamsubiri, mambo mengine tutayamaliza nyumbani, sasa aseme tu lile neno moja. Lusajo akanikatiza, akamwambia kijana ajibu kwa Kiswahili ili aandike. Huyu mzee ni nani kwako?

Nje dereva akawasha basi. Nikasikia mlinzi anawaambia watu wasimame kwa mstari.

Fidele akafuta viganja vyake kwenye suruali, cha kulia kisha cha kushoto.

"Mjomba wangu aliishi Dar es Salaam miaka mitatu," akasema. "Huyu simjui."

Nikamwita jina lake. Hakugeuka. Alikuwa anautazama mlango, uso mkavu, na mlinzi akamshika mkono kumpeleka kwenye basi.

Lusajo akarudisha muhuri mahali pake bila kugonga. Aliitazama ile barua yenye duara la kahawa, kisha kitambulisho changu, kisha zile karatasi mbili nilizotia saini ndani ya nusu saa. Akavuta karatasi ya tatu, nyeupe, akaiweka mbele yake.

"Mzee, kaa chini," akasema. "Wewe ni nani?"

Nikafungua mdomo. Miaka ishirini na mitano haujawahi kukosa la kusema, na asubuhi ile haukutoa kitu.